Neno moja, kazi mbili: Python inajuaje 'match' ni amri au ni jina?

Ukisikia mtu anasema "kaa", je, anakuambia uketi, anataja kaa wa baharini au kaa la moto? Unasubiri maneno yanayofuata, basi unaelewa. Python ilihitaji miaka mingi kufundishwa ujanja huo.

Lugha nyingi za programu zina maneno yao yaliyotengwa. Katika Python, kwa mfano, huwezi kuita data yako `if` au `for`. Maneno hayo yana mwenyewe.

Shida huja lugha inapotaka neno jipya. Juni 2018, toleo la Python 3.7 lilitenga `async` na `await`. Programu zilizokuwa zikitumia `async` kama jina la kawaida ziligoma hata kuanza. Hazikuwa na kosa jana; leo zina kosa la sarufi. Waandishi wake walilazimika kubadilisha majina.

Kwa nini Python haikuangalia muktadha tu? Kisomaji chake cha zamani kilikuwa kikiamua njia kwa kuchungulia neno moja tu la mbele. Sasa tazama mistari hii miwili:

`match (umri)`
`match (umri):`

Wa kwanza unaita kazi iliyopewa jina `match`. Wa pili unaanza amri ya kulinganisha. Tofauti ni ile nukta pacha ya mwishoni, na kisomaji cha zamani hakikuweza kuiona mapema.

Mwaka 2020, Python 3.9 ilileta kisomaji kipya. Hiki hujaribu njia moja. Ikigonga mwamba, kinarudi nyuma na kujaribu nyingine.

Ndiyo maana Python 3.10, ya Oktoba 2021, iliweza kuongeza `match` na `case` bila kuvunja programu za watu. Na `match` lilikuwa jina linalotumika sana, hata ndani ya Python yenyewe. Maneno ya aina hii huitwa "maneno laini": ni amri yakikaa mahali pake, kwingine ni majina tu. Mwaka 2023, `type` nalo likaingia kwa mtindo huohuo.

Gharama ipo. Programu za kuandikia msimbo, zinazopaka amri rangi, haziwezi tena kutegemea orodha ya maneno pekee. Inabidi zisome mstari mzima.

Lakini programu iliyofanya kazi jana, kesho bado itawaka.