EPUKENI DAWA?

Siku ya wazazi iliyopita niliaibika. Nilikuwa nimetafsiri bango la Kiingereza lenye kuonya juu ya "drugs". Nilifungua kamusi, nikachukua neno la kwanza, nikaandika kwa rangi nyekundu: EPUKENI DAWA! Basi nyanya mmoja akasimama pale, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hata hizi zangu za presha niache kumeza?" Hakuwa anatania, jamani. Nililitoa bango mbio.

Kumbe neno hilo la Kiingereza hubeba kinachotibu na kinacholevya pia. "Dawa", tuliyoipata kutoka Kiarabu, haina ubaya huo. Dawa huponya, na isipoponya ina kazi nyingine ya maana: kuna dawa ya meno, ya viatu, ya mbu, na ile ya mganga. Kwa hivyo bangi na heroini ni "dawa za kulevya", na hilo "za kulevya" lisiachwe hata nafasi ikiwa finyu. Ama tuseme "mihadarati", neno ambalo asili yake ya Kiarabu ni kutia ganzi.

Siku hizi nasoma sentensi nzima kwanza. Daktari akimpa mgonjwa, ni dawa. Polisi wakimnasa mtu nazo, huenda ni mihadarati. Ila kama ziliibwa hospitalini, soma mbele kidogo!

Siku ile niliandika upya: EPUKENI MIHADARATI. Nyanya akasoma, akauliza, "Na hiyo ni nini?" Ikabidi niongeze chini: bangi, heroini, kokeni.