Kombe ni ya antrenere, ao ni ya ekipe nzima?

Mazembe ikishinda, tunasikia masemi moja: antrenere huyu ni mukubwa. Ikishindwa, masemi inageuka: antrenere afukuzwe! Ku mina, ku soko, ku nyumba, mabishano haiishe. Sisi batu wa kazi, tuangalie hii neno sawa vile tunaangaliaka karatasi ya mushahara: mustari moja, kisha ingine.

Tuanze na hesabu. Kombe ya machampioni wa Afrika, Mazembe iliipata mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Tushike zile tatu za mwisho. Ya 2009 ilikuja na Diego Garzitto. Mu 2010, mashindano ingali katikati, Garzitto akaenda, na Lamine N'Diaye wa Senegal akashika kazi na kuimaliza. Ya 2015 ilikuja na Patrice Carteron, Mufaransa. Maantrenere watatu, nyumba moja. Kama kombe inatoka kwa antrenere peke yake, namna gani nyumba ile ile inashinda na batu tatu mbalimbali? Ni kusema kuko kitu inabakia wakati antrenere anafunga valizi.

Kwanza, wachezaji. Kipa Robert Kidiaba alikuwa katika ekipe miaka yote ile tatu. Mu 2015, Mbwana Samatta, kijana wa Tanzania, njo alikuwa anapiga mabao. Pili, mwenye nyumba. Moïse Katumbi anaongoza tangu 1997. Alileta wachezaji wa inchi za ingine, akajenga kiwanja pale Kamalondo.

Tatu, batu wa biro, wale hakuna mutu anawaimbia. Mu 2011 Mazembe ilikuwa inatafuta kombe ya tatu kwa mufululizo. Ilikwisha kuwatoa Simba wa Tanzania mu kiwanja. Lakini CAF ikaitupa inje ya mashindano juu ya Besala Bokungu: karatasi zake hazikumupa ruhusa ya kucheza. Miguu ilishinda, karatasi ikashindwa. Sisi tunaopigania kontra za kazi tunajua ile vizuri.

Lakini tusimunyime antrenere haki yake. Muangalie N'Diaye. Trésor Mputu, mushambulizi wetu wa kwanza, FIFA ilikuwa imemusimamisha mwaka muzima. Wengi walisema: imekwisha. N'Diaye akapanga ekipe bila yeye. Mu finali, Espérance ya Tunis wakakula 5–0 hapa Lubumbashi, kisha kule kwao ikawa 1–1. Mu Desemba tukaenda Abu Dhabi ku kombe ya dunia ya maklabu: Pachuca ya Mexico 1–0, Internacional ya Brazil 2–0. Inter ya Milan ikatufunga 3–0 mu finali, lakini hakuna klabu ya Afrika ilikuwa imefika pale mbele yetu. Kufanya ile bila mutu wako wa kwanza, njo kazi ya antrenere.

Basi tumupime namna tunapima kapita. Kapita muzuri anasoma mwamba, anajua fasi ya kutoboa, anajua nani amechoka na nani anaogopa. Kapita mubaya anaweza kupoteza batu siku moja. Kwa hiyo usimuulize tu: ulitoa tani ngapi? Umuulize: ulikuta nini, na uliifanya nini? Mwenye alikuta shimo tajiri na mashini mupya, sifa yake iwe na kipimo. Mwenye alikuta vitu vinapunguka na akafika mbali, tumusimamie tumupigie makofi.

Lakini hakuna kapita hata moja alitoa tani zote na mikono yake mbili. Wandugu, siku kazi inapita kile kiliombwa na prime inaingia, tukumbuke Kidiaba na wenzake, tukumbuke na mutu wa biro. Makuta isiishie ku meza ya shefu. Na siku kazi inaanguka, tusikubali pia mutu moja abebe kosa ya nyumba nzima.