Mtoto anasoma Marekani? Muulize na habari za kodi

Mzazi mwenye mtoto chuoni Marekani huuliza mambo mengi kwenye simu: baridi, chakula, matokeo ya mitihani, ada iliyobaki. Swali la kodi huwa halimo. Wengi huamini kuwa mwanafunzi hadaiwi kodi, na kama amepata kibarua cha maktaba au jikoni pale chuoni, mwajiri amekwisha kukata kinachostahili na habari imeishia hapo.

Imani hiyo ina chimbuko. Tanzania, mfanyakazi anayeishi kwa mshahara pekee hukatwa PAYE na mwajiri, fedha zikapelekwa TRA, naye hana fomu ya kujaza. Marekani makato ya mwajiri ni makadirio tu. Mwaka ukiisha, mwanafunzi wa kigeni aliyefanya kazi hupiga hesabu yake mwenyewe na kuipeleka kwa mamlaka ya kodi ya huko, IRS, ndipo ijulikane kama anadaiwa au anadai.

Asiye na kazi naye hujaza

Mwenye viza ya F-1 hutakiwa kupeleka Fomu 8843 kila mwaka, hata kama hakuingiza senti moja. Wakenya waliozoea kuwasilisha ritani ya sifuri kwenye iTax kabla ya Juni 30 wataelewa haraka. Fomu hiyo haina hesabu ya kodi. Inaeleza mtu anasoma wapi na amekaa nchini siku ngapi, ili siku hizo zisihesabiwe kumfanya mkazi mbele ya sheria ya kodi.

Kinga hiyo kwa kawaida ni ya miaka mitano ya kalenda. Aliyefika Agosti 2021, mwaka 2021 unahesabiwa wa kwanza ingawa alikaa miezi michache tu, kwa hiyo wa tano ni 2025. Kama amefuatana na mwenza au watoto kwa viza ya F-2, kila mmoja hujaziwa fomu yake, hata mtoto mchanga.

Fedha za nyumbani hazitozwi

Ada na matumizi anayotumiwa na wazazi si mapato, hivyo hayatozwi kodi. Ufadhili wa masomo una pande mbili. Kwa anayesomea shahada, sehemu inayolipa ada na vitabu vya lazima haitozwi. Sehemu inayolipa chumba na chakula ni mapato, na kwa kawaida chuo huikata asilimia 14. Ndiyo maana mwanafunzi mwenye ufadhili kamili, ambaye hajawahi kufanya kazi, anaweza kukuta ana hesabu ya kodi.

Mtego wa ‘nimerudishiwa zote’

Hapa ndipo vijana wengi huteleza. Rafiki ambaye ni raia anajaza Fomu 1040 kwa programu ya simu na kurudishiwa kodi yote aliyokatwa. Mgeni naye anaiga. Fomu ya mgeni asiye mkazi ni 1040-NR, na programu nyingi za kawaida hazina fomu hiyo.

Tofauti yake ni ya fedha. Kwa mapato ya mwaka 2024, raia asiye na ndoa aliruhusiwa kuondoa dola 14,600 kabla ya kutozwa. Mwanafunzi mgeni hapati punguzo hilo, isipokuwa wa India kwa sababu ya mkataba wa nchi yake. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Kwa hiyo aliyelipwa dola 6,000 kwa kazi za chuoni anadaiwa kodi ya serikali kuu ya takribani dola 600. Akijaza fomu ya raia atarudishiwa fedha zisizo zake, na siku IRS ikigundua atazirejesha pamoja na riba. Aliyekwisha kukosea hurekebisha kwa Fomu 1040-X, na ni nafuu kuliko kusubiri kuitwa.

Upo pia upande wa kudai. Katika miaka hiyo mitano, mwanafunzi wa F-1 hapaswi kukatwa makato ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, ambayo kwa pamoja ni asilimia 7.65. Kwa dola 6,000 hizo ni dola 459. Mwajiri akikata kimakosa, mwanafunzi aanze kumwomba yeye arejeshe.

Tarehe za kukumbuka

Kufikia mwisho wa Januari, mwajiri hutoa hati ya mshahara iitwayo W-2. Aliyelipwa mshahara huwasilisha kufikia Aprili 15. Asiye na mapato, mwenye Fomu 8843 pekee, ana hadi Juni 15. Majimbo mengi yana kodi yake ya mapato yenye fomu tofauti, ingawa Texas na Florida hayana.

Mlango wa kwanza wa kubisha ni ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Vyuo vingi hulipia programu maalumu ya wageni, na baadhi huandaa siku za kusaidiwa bure. Anayepiga simu akijiita IRS na kutaka alipwe kwa kadi za zawadi ni tapeli. IRS huanza kwa barua ya posta.

Rekodi hizi zinaweza kuulizwa miaka ya mbele, kijana akiomba kubadili hadhi yake ya ukaaji. Kwa hiyo Februari ikiingia, mzazi aongeze maswali matatu kwenye simu: umepata hati zako zote? Unajaza fomu ya mgeni au ya raia? Nakala umeziweka wapi? Hata mzazi asiyeijua sheria ya Marekani anaweza kuyauliza, na majibu yatamwonyesha kama kijana ameshaanza kujiandaa.