Ukarabati wa Kikuza Sauti Kikuukuu Nyumbani: Mfano wa Lubumbashi

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kutengeneza na kuboresha kikuza sauti cha stirio cha miaka ya 1970 kwa vifaa vinavyoweza kutumika juu ya meza ya nyumbani. Huenda msomaji wa jarida linaloshughulikia Kiswahili akashangaa kukuta habari za waya na lehemu mahali alipozoea kukuta ngeli na vitenzi. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kuhusu Kiswahili cha Katanga ilitokana na kanda za sauti. Mazungumzo ya Johannes Fabian na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, yaliyofanyika Lubumbashi kati ya 1973 na 1974, yalirekodiwa kabla ya kuandikwa. Hali kadhalika maigizo ya kikundi cha Mufwankolo. Zaidi ya hizo zipo kanda nyingi zisizochapishwa popote, zilizohifadhiwa makabatini mwa walimu na chini ya vitanda vya familia. Kanda hizo husikika kwa njia ya mashine, na mashine ikiwa mbovu ushahidi nao huwa na kasoro.

Nilitambua jambo hili nilipokuwa nikinukuu kanda ya mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli. Kikuza sauti nilichokitumia (Lubumbashi kila mtu hukiita *ampli*, nami nitafanya hivyo) kilikuwa kikivuma mfululizo, tena upande wa kulia ulikuwa ukipotea na kurudi. Mvumo haukunisumbua; sikio huuzoea baada ya dakika chache. Tatizo lilijitokeza nilipofika kwenye kitenzi kimoja. Wasemaji wengi wa Katanga husikika wakitamka *kupika* pale ambapo Kiswahili sanifu kina *kupiga*, na *ndeke* pale penye *ndege*. Je, mzee alisema lipi? Nilirudisha kanda mara nyingi, na kila mara nilisikia lile nililotarajia kulisikia.

Maelezo ya kifonetiki si magumu. Kinachotofautisha /g/ na /k/ ni, kwa sehemu kubwa, mtetemo wa nyuzi sauti wakati hewa imezibwa. Kwa mwanamume mzima mtetemo huo huwa karibu na mizunguko 100 hadi 120 kwa sekunde. Ampli yenye ugavi mbovu wa umeme huvuma kwa mizunguko 100 kwa sekunde. Basi mvumo hukaa palepale unapokaa ughuna wa konsonanti na kuufunika. Zipo dalili nyingine, kama urefu wa irabu inayotangulia, lakini katika mazungumzo ya haraka hazitoshi.

Mvumo huo watoka wapi? Umeme wa mjini ni mkondo geu, yaani hubadili mwelekeo wake, nao hufanya mizunguko 50 kwa sekunde. Transista za ampli haziwezi kuutumia hivyo. Zahitaji mkondo mnyoofu. Watu wa Katanga wanao mfano mkubwa wa kazi hiyo nchini mwao: laini ya Inga hadi Kolwezi, iliyokamilika mwaka 1982, husafirisha umeme kwa mkondo mnyoofu umbali wa takriban kilomita 1,700, na huko Kolwezi hugeuzwa tena kuwa mkondo geu. Ndani ya ampli safari ni ya sentimita chache na inakwenda kinyume. Transfoma hupunguza volti, daiodi nne huulazimisha mkondo uelekee upande mmoja, kisha kapasita mbili kubwa, ambazo fundi wa Lubumbashi huziita *kondansateri*, hujaza mabonde yaliyobaki kati ya wimbi na wimbi. Kwa kuwa daiodi hutumia nusu zote mbili za kila mzunguko, mabonde huwa 100 kwa sekunde. Ndani ya kapasita mna umajimaji, na umajimaji huo hukauka kwa miaka na kwa joto. Kapasita iliyokauka haijazi tena mabonde, nayo mabonde ndiyo mvumo wenyewe.

Kabla ya kushika chuma cha kulehemia, yafaa kuhakikisha chanzo cha mvumo. Teremsha sauti hadi mwisho. Mvumo ukibaki vilevile, shuku ugavi wa umeme. Ukipungua pamoja na sauti, tatizo liko kabla ya kirekebisha sauti, na mara nyingi ni suala la waya. Hapa msamiati wa mafundi wa Lubumbashi, uliotokana na Kifaransa, una faida ambayo sikuitarajia. Wao hutenganisha *masi*, yaani mwili wa chuma wa chombo pamoja na nukta ya sifuri ya saketi, na *teri*, yaani waya unaozama ardhini. Dar es Salaam na Nairobi neno *ethi* mara nyingi hubeba maana zote mbili. Fundi mwenye neno moja hushawishika kuunganisha kila kitu na kila kitu. Akiunganisha kicheza kanda na ampli ardhini kwa njia mbili tofauti, hufanya kitanzi, na kitanzi hicho huleta mvumo wake chenyewe, wa mizunguko 50. Kubadilisha kapasita hakutauondoa. Wanaistilahi wetu wangefanya vyema kulitazama jozi hilo la maneno.

Sasa tuje kwenye kazi. Chomoa waya ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa, kwa hiyo zipunguze chaji kwa rezista ya omu 100 yenye uwezo wa wati 5, ukiishikilia kwenye ncha za kila kapasita kwa sekunde tano hivi, kisha thibitisha kwa mita. Usitumie bisibisi kama wafanyavyo vijana wengi: cheche yake huyeyusha chuma na huweza kuharibu kapasita. Ampli ya transista ina volti 30 hadi 50. Ile ya zamani zaidi inayotumia lampi ina volti 300 au 400, na hizo huua. Asiyekuwa na mwalimu kando yake asiifungue ya lampi.

Kwa kuchagua kapasita mpya, hesabu kidogo yahitajika. Tuseme transfoma yatoa volti 28 kila upande. Baada ya daiodi na kapasita tunapata takriban volti 38 za mkondo mnyoofu. Hesabu hiyo ni ya umeme wa volti 220. Umeme ukipanda hadi 250, zile 38 huwa 43, na kapasita ya kiwandani iliyoandikwa volti 40 imekwishavuka mpaka wake. Kwa hiyo chagua ya volti 63. Chagua pia iliyoandikwa nyuzi 105 badala ya 85, maana umri wa kapasita hupungua takriban nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Ama kuhusu ukubwa, kama ya zamani ni mikrofaradi 4,700, ya 6,800 yafaa. Wapo wanaotia 22,000 kwa imani kwamba kikubwa ndicho bora. Kila wanapowasha, kapasita hizo hufyonza mkondo mkubwa kwa ghafula, daiodi huumia na fyuzi hukatika. Angalia upande wa hasi na chanya mara mbili. Kapasita iliyogeuzwa hupasuka.

Kuwasha kwa mara ya kwanza kufanywe kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60, iliyofungwa kwa mfululizo kwenye waya mmoja wa umeme. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, mambo ni mazuri. Ikibaki inawaka, kuna njia ya mkato ndani, chomoa. Njia hii haina gharama nami naiona bora kuliko vifaa vingi vya duka. Halafu, kabla ya kuunganisha spika (*bafle* kwa mtu wa Lubumbashi), pima volti za mkondo mnyoofu kwenye matundu yake. Zisizidi milivolti 50.

Upande wa kulia uliokuwa ukipotea haukuhitaji sehemu mpya hata moja. Vumbi jekundu la kiangazi huingia katika kila swichi na kila kirekebisha sauti, na dawa ya kusafishia migusano hutosha.

Kuhusu uboreshaji, msimamo wangu ni wa kihafidhina. Wengi hutaka kubadilisha transista zote za mwisho. Transista nzima iliyofanya kazi miaka arobaini haina hatia. Isitoshe, aina mashuhuri kama 2N3055 zimeigwa sana: ukiikata kofia ya bandia hukuta kipande cha silikoni kidogo mno kuliko kile cha halali. Fedha hiyo yafaa zaidi kununua kinga. Katika mji ambamo umeme hukatwa na kurudi kwa kishindo, varista kwenye mlango wa umeme, fyuzi ya kiwango kilichoandikwa kiwandani (wala si kipande cha waya) na relei inayotenga spika hitilafu itokeapo, hurefusha maisha ya chombo kuliko sehemu yoyote ya kifahari. Na umeme ukatikapo, chomoa; usingoje urudi.

Ampli yangu ilichukua siku mbili, nyingi zikipita katika kutafuta kapasita. Niliporudi kwenye kanda ya mzee wa reli, nilikuta kwamba katika nukuu ya awali nilikuwa nimeandika *kupiga* mara nne. Mara tatu mzee alisema *kupika*, bila shaka yoyote. Mara ya nne alisema *kupiga*, kwa /g/ iliyo wazi, na mahali penyewe alikuwa akiiga maneno ya mwalimu wake wa shule ya misheni. Nimeanza kuzisikiliza upya kanda nyingine nilizozinukuu kwa mashine ileile. Hadi sasa nimemaliza sita.