Gari Linalokaa Bila Kutumika: Je, Kuna Haja ya Kupasha Moto Injini Kila Siku?

Tangu Serikali ihamishie shughuli zake Dodoma, na zaidi tangu treni ya reli ya kisasa ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, magari mengi ya watu binafsi hukaa uani kwa muda mrefu. Mwenye gari anayefanya kazi Dodoma, na familia yake ikiwa Dar es Salaam, hupanda treni siku ya Ijumaa, au huondoka kwa likizo ya mwezi mzima, na kumwachia mlinzi funguo pamoja na agizo moja: kila asubuhi liwashe, liache liungurume robo saa. Agizo hilo hutolewa kwa nia njema. Katika makala haya tunaeleza kwa nini halilisaidii gari, kwa nini linamgharimu mtumiaji fedha, na kwa nini mahali pengine linaweza kuondoa uhai wa mtu.

Desturi hii ilitoka wapi?

Magari ya zamani yalichanganya mafuta na hewa kwa kabureta. Injini ikiwa ya baridi, mchanganyiko huo haukuwaka vizuri. Gari lilitetemeka na kuzimika, hivyo dereva alilazimika kusubiri. Magari mengi ya petroli yaliyomo barabarani leo, yakiwemo yale yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani, hupuliza mafuta kwa mfumo wa kielektroniki unaopima joto la injini na kurekebisha kiasi cha mafuta wenyewe.

Baridi yetu nayo si ya kuitetea desturi hii. Dodoma ipo takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14 hivi za Selsiasi. Oili za kisasa, kama vile 5W-30, hutiririka vizuri hata chini ya nyuzi sifuri. Ujerumani, ambako baridi ni kali zaidi, sheria ya usalama barabarani inakataza kuacha injini ikiunguruma pasipo sababu.

Nini hutokea injini ikiunguruma gari likiwa limesimama?

Kwanza, injini ya baridi hupewa mafuta mengi kuliko kawaida. Sehemu ya mafuta hayo haiungui yote. Huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka kuchanganyika na oili iliyo chini.

Pili, kuungua kwa mafuta huzalisha maji. Kila lita moja ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji yakiwa mvuke. Gari linapotembea vya kutosha, joto huyafukuza. Gari likizimwa kabla oili haijapata joto, sehemu ya maji hayo hubaki ndani ya oili na katika bomba la moshi, na huleta kutu.

Tatu, kuwasha gari hutumia umeme mwingi wa betri, ilhali alterneta huzalisha umeme mdogo injini inapozunguka polepole. Ikiwa taa au kiyoyozi vimewashwa, betri inaweza kubaki na chaji ndogo kuliko ilivyokuwa kabla.

Nne, tairi, breki na gia hazinufaiki kwa lolote, kwa kuwa gari halijasogea.

Gharama kwa mtumiaji

Injini ndogo ya petroli iliyosimama hutumia takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa. Dakika 15 kila siku kwa siku 30 ni saa saba na nusu. Yaani kati ya lita nne na saba na nusu hivi kila mwezi. Mtumiaji azidishe kiasi hicho kwa bei ya lita katika kituo anachojazia mafuta, ndipo ataona anacholipia bila kusafiri hata hatua moja.

Hatari isiyoonekana

Moshi wa gari una gesi ya kaboni monoksidi, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Haina rangi wala harufu. Ndani ya gereji iliyofungwa, au karibu na dirisha la chumba cha mlinzi, gesi hiyo hujikusanya kwa dakika chache. Kufungua mlango wa gereji pekee hakutoshi. Gari litolewe nje kwanza.

Ushauri wetu

1. Gari likiwashwa, subiri nusu dakika hadi dakika moja, kisha uondoke taratibu bila kukanyaga mafuta kwa nguvu katika kilomita chache za mwanzo. Magari makubwa yenye breki za upepo hayahusiki hapa. Hayo ni lazima yasubiri upepo ujae.

2. Kila wiki moja au mbili, gari liendeshwe kwa dakika 20 hadi 30 mfululizo na mtu mwenye leseni.

3. Likikaa zaidi ya mwezi bila dereva, ni afadhali lisiwashwe kabisa. Fundi achomoe waya hasi wa betri, tairi zijazwe upepo ipasavyo, na gari lifunikwe kuzuia vumbi la kiangazi.

4. Kabla ya kuliwasha tena, kagua oili, maji, upepo wa tairi na nyaya, kwani panya hupenda kujificha chini ya boneti.

5. Badilisha oili kwa kufuata muda uliotajwa katika kitabu cha gari, hata kama kilomita hazijatimia. Nunua oili iliyofungwa vizuri, yenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, na udai risiti.

Kwa hiyo, kabla ya kuelekea stesheni, tunamshauri mwenye gari abadilishe agizo analompa mlinzi: asiliwashe gari, na kamwe asiliwashe ndani ya gereji.