Zawadi ya kila mwezi kwa kijana aliye mbali: ipi inafaa, na ahadi yake ina hukumu gani?

SWALI:

Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pemba. Kaka yangu anafanya biashara Katesh, wilaya ya Hanang, na binti yake wa miaka 14 anasoma bweni huko Mbulu. Mwaka jana nilimwahidi zawadi ya kila mwezi. Nikatuma miezi mitatu, mambo yakanikaza, nikaacha bila ya kumwambia kitu. Tangu hapo, nikipiga simu wakati wa likizo, hazungumzi nami kama zamani. Nataka kuanza tena. Mwanangu mkubwa anasema nimlipie huduma ya filamu na bando la mwezi. Mume wangu anasema nitume pesa tu. Kipi bora? Na ile ahadi niliyoikatisha, nina dhambi?

JIBU:

Wa alaykumus salaam. Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Swahaba zake. Ama baad.

Dada yetu, tutaanza na la mwisho kwa sababu ndilo linalokusumbua zaidi.

Hukumu ya ahadi uliyoikatisha

Wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Imam Shafi, wanasema kutimiza ahadi ya zawadi ni jambo lililosisitizwa sana, na kuiacha bila ya udhuru kunachukiza mno. Imam An-Nawawi ameeleza hivyo katika kitabu chake Al-Adhkar. Mwenye dhambi ya wazi ni yule aliyeahidi huku moyoni amekusudia kutotimiza, kwani hiyo ni katika alama za unafiki. Wewe ulikusudia kutoa, ukashindwa. Kwa hivyo hatusemi kwamba una dhambi kwa kushindwa.

Lakini ulinyamaza, na hapo ndipo palipo na kosa. Mtoto wa miaka 14 hajui kuwa shangazi yake amekazwa na maisha. Anachokijua ni kuwa mwezi wa nne alisubiri, na wa tano akasubiri, kisha akaona haya kuuliza. Kabla ya kutuma chochote, mpigie na umwambie ukweli kwa maneno machache: nilikwama, na nilikosea kukaa kimya. Kumtaka radhi mdogo hakumpunguzii mkubwa heshima.

Na yale uliyokwisha kumpa ni mali yake. Usiyahesabu wala usimkumbushe. Qur'ani imekataza kuiharibu sadaka kwa masimango na maudhi, na zawadi nayo huharibika vivyo hivyo.

Kidogo kinachodumu

Watu wa Katesh wanalijua hili kuliko wengi. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, zaidi ya watu 80 wakafariki, nyumba na maduka yakasombwa. Misaada ilikuja kutoka pande zote za nchi: vyakula, mablanketi, fedha. Allah awalipe waliotoa. Lakini blanketi hutolewa mara moja, na mtoto anahitaji daftari na sabuni kila mwezi, mwaka baada ya mwaka.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa amali inayopendeza zaidi mbele ya Allah ni ile yenye kudumu hata ikiwa ndogo. Basi pima uwezo wako kwa mwezi wako mbaya kabisa, ule ambao samaki hawakuingia au karafuu hazikuuzwa. Kama mwezi huo unaweza shilingi 5,000, basi ahidi 5,000, ambazo kwa mwaka ni 60,000. Ukiahidi 20,000 ukaishia mwezi wa tatu, utakuwa umetoa kiasi kile kile na umevunja moyo wa mtu. Weka pia mwisho unaojulikana: mpaka afunge shule, au mpaka amalize kidato cha nne. Na usisahau kuwa matumizi ya watoto wako ni wajibu, na zawadi kwa mtoto wa ndugu ni sunna. Wajibu hutangulia.

Huduma za kulipia kila mwezi

Kisheria, huduma ya kulipia kila mwezi ni ijara: unanunua manufaa kwa muda maalumu. Inasihi yakiwepo mambo matatu: manufaa yawe ya halali na yanajulikana, muda ujulikane, na malipo yajulikane. Huduma ya filamu huanguka kwenye sharti la kwanza. Wewe unalipia mlango, na hujui ataangalia nini ndani. Ukimfungulia kijana mlango wa haramu utakuwa na fungu lako.

Bando lenyewe si haramu. Lakini tazama hali yake. Shule nyingi za bweni nchini haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo bando la siku 30 litamalizika muda wake bila ya kutumika, au litamtia kwenye kuificha simu. Likizoni ni jambo jengine: bando dogo la kusikiliza darsa au kujisomea, kwa ridhaa ya baba yake, halina ubaya.

Jihadhari pia na huduma zinazojilipa zenyewe kila mwezi kutoka kwenye kadi au salio. Usijiunge na kitu usichojua namna ya kukiacha. Na kama kadi ni ya mkopo wenye riba ukichelewa, kaa nayo mbali.

Vipi kuhusu vile vifurushi vya zawadi vya kila mwezi ambavyo mnunuzi hajui kilichomo? Hiyo ni biashara yenye gharar, kwani unauziwa kitu kisichojulikana. Ukitaka kumshtukiza binti, nunua wewe kitu unachokijua, kisha ukifunge. Kutojua kwake hakudhuru, kwa sababu yeye hakulipa.

Pesa au vitu?

Pesa ni nyepesi kufika. Kwa umri wake, kama hajabaleghe, walii wake ndiye anayempokelea, naye ni baba. Kama amebaleghe na ana busara ya mali, anaweza kupokea mwenyewe. Katika madhehebu yetu zawadi haijawa mali ya mpewaji mpaka aipokee, kwa hiyo hakikisha imefika. Unapotuma kwa simu, ongeza na gharama ya kutolea, la sivyo kila mwezi atapokea pungufu.

Hata hivyo, kuna kitu ambacho shangazi anaweza kukifanya na baba hawezi kwa wepesi. Binti wa umri huu ana mahitaji yake ya kila mwezi, na wengi huona haya kumwambia baba. Taulo za kike hazipatikani bure. Serikali iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018, kisha kodi hiyo ikarejeshwa mwaka 2019. Msichana asiye nazo huzikosa siku za masomo kila mwezi. Zawadi ya pedi, sabuni na mafuta ya kupaka haina fahari ya kuonyesha wenzake, lakini inamsitiri. Na Mbulu ni nyanda za juu. Baridi ya Juni na Julai huko si ya watu wa pwani, basi mwezi mmojawapo uwe wa sweta.

Huna haja ya kupeleka kifurushi kwa boti na basi kila mwezi. Muombe kaka yako atafute muuza duka wa karibu na shule, mkubaliane. Ukimlipa mapema ili akabidhi baadaye, muamala huo unafanana na bai'u salam: bei ilipwe yote wakati wa kukubaliana, na vitu vitajwe aina, idadi, siku na mahali pa kukabidhiwa. Yaandikeni. Mlezi wa kike wa bweni ajulishwe, ili kitu kifike kwa idhini ya shule.

Tahadhari mbili

Kama kaka yako ana watoto wengine, usimfanye mmoja kuwa kipenzi mbele ya wenziwe. Amri ya kufanya uadilifu katika zawadi imewahusu wazazi hasa, lakini wivu wa watoto haumchagui mtoaji. Wadogo wakumbuke hata kwa kitu kidogo sikukuu.

Pili, wapo watakaotaka kufanya hivi kwa mayatima wa Hanang kwa nia ya zaka. Uyatima peke yake haumo katika mafungu manane ya zaka. Lazima yatima awe fakiri au maskini. Na katika madhehebu yetu kauli yenye nguvu ni kuwa zaka hutolewa pale mali ilipo. Sadaka na zawadi hazina mpaka huo, basi watumie kutoka humo.

Kwa ufupi, dada yetu: mtake radhi, ahidi kidogo, weka muda, umsitiri. Mwezi utakaokwama, mpigie kabla hajaanza kusubiri.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.