Kupanda Vitunguu Saumu Nyumbani: Kiseke na Kando ya Ziwa

Watu wa Kiseke huniuliza mara kwa mara: "Bwana Shamba, saumu yangu ilistawi majani vizuri sana, lakini nilipong'oa nilikuta kijitunguu kimoja cha mviringo kisicho na punje. Nimelogwa?" Hapana. Kosa ni la majira na mbegu.

Kitunguu saumu ni mmea wa nchi ya baridi. Ukikosa baridi mwanzoni huota majani tu, wala haugawanyiki punje. Ndiyo sababu hustawi sana katika nyanda za juu za Mbulu. Sisi tulio kando ya Ziwa, mita 1,134 hivi juu ya bahari, hatuna baridi ya namna hiyo. Yatupasa kuusaidia mmea. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza hapa, nilipanda Novemba kwa tamaa ya mvua za vuli. Nilipata majani ya kutia mchuzini, basi.

Usipande vile vichwa vikubwa vyeupe vitokavyo ng'ambo. Hivyo ni vya kula. Vyaweza kuleta ugonjwa wa kuoza kweupe, nao ukiingia udongoni hukaa miaka mingi, hata 20. Tafuta vichwa vigumu vya Mbulu visivyo na ukungu. Mwanzo wa Aprili viweke vikiwa vizima, katika mfuko wa karatasi, ndani ya jokofu, mbali na barafu, kwa wiki 6. Kama huna jokofu, mwombe jirani mwenye duka la soda. Siku ya kuvitoa ndiyo siku ya kuvipanda, maana vikikaa tena jotoni faida ya baridi hupotea.

Udongo wetu wa luseni, wa mchanga uliotokana na mawe ya matale, hupitisha maji vizuri, ila hauna nguvu. Tengeneza tuta la mita 1 kwa 3, uliinue sentimita 15, uchanganye madebe 2 ya samadi iliyooza. Samadi mbichi huozesha punje.

Katikati ya Mei, mvua zikipungua, bambua punje bila kuzimenya, uchague zile kubwa. Panda kila punje sentimita 4 chini, ncha ikitazama juu, sentimita 10 kati ya punje na 20 kati ya mistari. Tuta hilo litachukua punje 150, yaani vichwa 15 hivi. Tandaza pumba za mpunga au nyasi kavu. Mwagilia mara 2 au 3 kwa wiki, asubuhi. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Palilia kwa mkono, kwani mizizi iko juu juu. Ukiona majani yana mistari ya rangi ya fedha, ni thiripi. Wapige kwa maji ya sabuni jioni.

Mnamo Septemba majani ya chini yatageuka manjano. Acha kumwagilia. Baada ya wiki 2 inua kwa uma wa bustani, usivute shina. Usingoje mvua ya Oktoba: itapasua vichwa na kuviozesha. Vifunge mafungu, uvitundike barazani, penye kivuli na upepo, wiki 3. Jikoni kuna mvuke, hapafai. Kabla watoto hawajatumwa kuchukua vya mboga, tenga vichwa 15 vilivyo vikubwa kabisa, viwe mbegu ya Mei ijayo.